Yaya Kisembo, Walinikalisha Kwenye Kiti Chako

Yaya Kisembo,

Nimekaa nyuma ya jiko la shule, mahali ambapo jua la asubuhi linafika mapema, na kalamu hii nimeiazima. Yangu imeishiwa wino kwa kuandika herufi za Kigiriki. Usicheke, kaka yangu. Wewe ndiye uliyekuwa ukitamba pale zizini kwamba ukifika Bunia utasoma Kigiriki mpaka ng'ombe wa nyumbani waitikie. Basi anayekisoma ni mimi, mdogo wako, niliyekuwa nakamua huku wewe unawahubiria ndama, na mpaka leo hakuna ndama aliyeitikia.

Nimechelewa kukuandikia. Tangu tulipokulaza kule Irumu, kwenye mteremko unaotazama mto Shari, sijakuambia neno, hata moyoni. Nitakueleza kwa nini, maana sababu yenyewe ni ya kwetu kabisa na wewe hukuwepo kuiona. Lakini kwanza nikuambie linalonisumbua. Ijumaa nitasimama mbele ya shule nzima nitoe ushuhuda wa wito wangu. Hapa kila mwanafunzi mpya husimama katika ibada ya asubuhi na kueleza jinsi Mungu alivyomwita awe mchungaji. Wenzangu karibu wote wamekwisha kusimama. Mimi sina ushuhuda, yaya. Nilio nao ni wa kwako.

Ulipoanza kuumwa ulisema ni malaria tu. Ukanywa vidonge vya dukani, ukaendelea kupanga vitu vyako vya safari, ukamkataza Mama asimwambie mtu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio kilikuja. Tulipokufikisha hospitali, utumbo ulikuwa umekwisha kutoboka, na daktari alitutazama kwa namna ambayo Mama aliielewa kabla yangu. Kanisa lilikuwa limekwisha kukuaga. Wazee walikuwa wamekuwekea mikono, kina mama wameleta unga na maharagwe, vijana wamekununulia godoro. Lililobaki lilikuwa ni wewe kupanda gari tu.

Siku ya mwisho ya matanga, Baba Mdogo aliniita mbele ya watu. Unajua desturi ya nyumba yetu, wewe mwenyewe ulikalishwa hivyo hivyo Baba alipofariki. Kiti cha mkubwa wa nyumba hakilali kitupu. Wakanikalisha kwenye kigoda cha Baba, ambacho kilikuwa chako. Wakanivika koti lako la kahawia, wakanipa fimbo ya kuchungia, nikanywa maziwa kwenye kibuyu huku macho yote yakinitazama kooni. Kisha Baba Mdogo akapaza sauti: "Kisembo hakufa. Kisembo ni ule anakaa hapa. Kuanzia leo, mutu asilie tena."

Na wakanyamaza, yaya. Kina mama waliokuwa wakilia tangu alfajiri walifuta macho na kwenda kuangalia sufuria. Mama yetu alikunja kitenge alichokuwa amejifunga kichwani, akakiweka mapajani, akanitazama na kuniita kwa jina lako. Alisema, "Kisembo, koti linakutosha." Halikunitosha. Linanibana kwapani mpaka leo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii hata kuazima sikuazima.

Ndiyo maana sikukuandikia. Wengine walikatazwa kukulilia, wakatii, lakini wao wangeweza kwenda kisimani na kulia huko mahali ambapo Baba Mdogo hayupo. Mimi ningekulilia vipi? Mimi ndiye niliyekuwa wewe. Mtu akijililia mwenyewe wanamwita mwendawazimu. Nilikaa na machozi yangu hapa chini ya koo, pale pale maziwa yalipopita.

Na kikao hakikuishia hapo. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akauliza, je, nafasi ya Bunia itapotea? Baba Mdogo hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Si iko mrithi? Atachukua ng'ombe, atachukua mama, atachukua na masomo." Watu wakaitikia amina. Hakuna aliyenigeukia na kuniuliza kama nami nimesikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Walinirithisha wito kama wanavyorithisha dume la mbegu. Namshukuru Mungu hukuwa umeoa, maana sijui leo ningekuwa naandika barua gani.

Mchungaji wetu aliiandikia shule kwamba mtu amebadilika. Shule ikaniita kwenye mtihani wa kuingia, nikapita. Nilipita kwa akili zangu, hilo ujue. Wewe ulizoea kusema akili zangu zimelala kwenye bidoni, yale madumu ya maziwa, ukaniita Bidoni.

Sasa nikueleze Bunia. Mimi niliifahamu Bunia ya pikipiki, ya kuleta maziwa na kurudi kabla jua halijawa kali. Kumbe kuishi mahali ni jambo jingine. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hapa jembe ni jembe kweli. Kila alasiri tuna kazi ya mikono, tunalima mboga ya lengalenga na muhogo nyuma ya mabweni. Vumbi jekundu linaingia hadi kwenye Biblia. Asubuhi kuna baridi kidogo, na kina mama wanapita barabarani na samaki wa ziwani kutoka Tchomia kichwani, wakiita wateja kwa sauti zinazotuamsha kuliko kengele. Tunakula ugali wa muhogo na sombe ya majani yake, na siku ya samaki watu wanaomba baraka ya chakula kwa haraka isiyo ya kawaida. Masomo ni kwa Kifaransa, ugomvi ni kwa Kiswahili.

Ninalolala nalo chumbani ni jitu moja la maneno mengi linaloitwa Kambale. Wazazi wake walitoka Butembo, wana duka la mabati hapa mjini. Anakariri herufi za Kigiriki akiwa anaoga, kwa sauti, na majirani wa bafu wamekwisha kuzijua kabla ya mtihani. Ushuhuda wake ulikuwa mzuri sana. Mungu alimwita akiwa anampimia mteja misumari, akaacha mizani ikining'inia. Mwingine aliota ndoto tatu zinazofanana. Mwingine aliitwa akiwa juu ya mti wa parachichi, akateremka bila parachichi. Kila mtu hapa aliitwa na Mungu. Mimi niliitwa na Baba Mdogo.

Nakukumbuka mahali nisipotegemea. Juzi nilikuwa navuka barabara kuu, pikipiki zikitoka huku na huku, nikasikia mluzi wako. Ule wa kuwageuza ng'ombe, unaopanda mara mbili na kushuka. Nilisimama katikati ya barabara. Dereva mmoja akafunga breki na kunipigia kelele, "Ee, weye! Unataka kufa?" Aliyepiga mluzi alikuwa mwuza maji akisukuma baiskeli yenye bidoni. Nilimfuata mpaka sokoni, nikimsubiri apige tena. Hakupiga. Nikanunua ndizi nisizozitaka ili nipate sababu ya kuwa pale.

Natamani harufu ya moshi wa mavi ya ng'ombe jioni, na wewe umekaa upande ule upepo unakotoka, kwa ujanja, ukiniacha mimi nikohoe. Natamani unitanie. Hapa kila mtu ananiheshimu mno, wamesikia nimefiwa. Ningetoa chochote nisikie mtu akiniita Bidoni.

Mama hupiga simu Jumapili, wakitoka kanisani. Swali lake ni moja: "Kisembo, umekula?" Nami hujibu, "Ndiyo, Mama." Kila nikijibu, najihisi nimekusukuma kidogo tena chini ya udongo.

Jumapili iliyopita Baba Mdogo alichukua simu baada yake. Alikuwa amesikia habari za ushuhuda. Akasema, "Usiogope. Sema ile ya Kisembo. Weye ndio mrithi, ile ni yako sasa." Anaijua kwa moyo. Kanisa zima la Irumu linaijua. Vijana walikuwa wakikuomba uisimulie hata kwenye harusi.

Ni ile ya mwaka tuliokimbia vita. Wewe ulikuwa mvulana bado, mimi nilikuwa wa kubebwa. Baba na Mama walikuwa na mizigo na wazee, ukapewa mimi mgongoni. Tukajificha kwenye matete ya mto pamoja na watu wengi, na mimi nikaanza kukohoa. Watu wakakutazama. Mmoja akakunong'oneza kwamba mtoto huyo atatuua sote. Ukanifunika na kifua chako, ukamwambia Mungu: huyu akinyamaza, na akaishi, nitakutumikia mpaka nife. Nikanyamaza. Nikaishi. Ulipofika hapo kwenye masimulizi ulikuwa unanyoosha kidole kwenye viti vya nyuma na kusema, "Na ule mutoto ni yule pale, anasinzia." Kanisa lote lilicheka, nami kweli nilikuwa nasinzia.

Sasa niambie, yaya. Nisimame Ijumaa niseme mimi ndiye niliyebeba? Nijibebe mwenyewe mgongoni? Na nisiposema hiyo, niseme nini? Nikisema ukweli, kwamba sikuitwa, wanaweza kunirudisha nyumbani, na kila mtu atajua kwamba nafasi aliyoiombea Kisembo imepotezwa na mimi, Mugisa. Baba Mdogo hatanisamehe. Kanisa halitatuma mtu mwingine hapa kwa muda mrefu. Na jambo la aibu kuliko yote ni kwamba nimeanza kupapenda. Napenda somo la manabii. Napenda ukimya wa maktaba. Sitaki kufukuzwa mahali ambapo sikuchagua kuja. Kengele inalia, naacha hapa kwanza.

*

Ni Ijumaa, mchana umekwisha kupita. Nimerudi nyuma ya jiko. Wenzangu wako shambani, nawasikia wakiimba wakilima. Mimi nimeruhusiwa kukaa, nitakuambia ni kwa nini.

Asubuhi nilivaa koti lako. Kambale alininyooshea kola na kusema, "Leo tutasikia." Ibada huongozwa na Mama Pasta, anayetufundisha Agano la Kale. Ni mama mzee, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na akimtazama mtu, mtu huyo anakumbuka madhambi hata ya shule ya msingi. Aliita jina langu. Nikaenda mbele. Nikaanza vizuri kabisa: mwaka tuliokimbia, matete, kikohozi, watu wakigeuka kutazama. Nilisikia shule yote imeacha kupumua, kama ulivyokuwa ukiwafanyia watu wa Irumu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilibakiza kusema "nikamfunika kwa kifua changu."

Sikuweza. Nikahisi mgongo wako, yaya. Nakuapia, sikuwahi kuukumbuka kabla ya leo, nilikuwa mdogo mno, lakini pale mbele nilihisi shavu langu limelala kwenye mgongo ulioloa jasho huku ukitetemeka. Ulikuwa unaogopa. Katika masimulizi yako hukuwahi kutuambia kwamba uliogopa.

Nikasema, "Yule mtoto aliyekohoa ndiye mimi. Aliyeitwa ni kaka yangu. Mimi sikuitwa. Nilirithishwa." Kisha nikaeleza yote, kigoda, koti, maziwa, na amina ya watu. Kuna aliyeguna. Kambale aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Nilijua Mama Pasta atanitolea habari za Samweli na Eli, yule mtoto aliyeitwa na Mungu usiku na kuhani wake, maana hapa kila mtu mwenye shida ya wito hutolewa Samweli na Eli. Hakunitolea. Alivua miwani, akaifuta, akaniuliza swali moja: "Na ule kaka yako, mulimulilia?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama Pasta. Kwetu mrithi akikalishwa, watu hawalii tena."

Akasema, "Na weye?"

Nikatikisa kichwa. Akavaa miwani yake. Akasema, "Basi enda ulie kwanza. Mambo ya wito tutakuuliza tena mwisho wa muhula. Leo shamba iko na watu ya kutosha." Akaita wimbo, watu wakaimba, kama vile hakuna kilichotokea.

Nilikuja hapa. Nilidhani machozi yatakuja yenyewe, kwa kuwa sasa yana ruhusa. Hayakuja. Nikakaa kama mtu anayengoja gari mahali ambapo magari hayapiti. Ndipo nikaona kwamba bado kuna mtu mmoja sijamwambia, na kwamba siwezi kuanza bila yeye. Nikampigia Mama.

Akapokea haraka, akashtuka kwa sababu si Jumapili. "Kisembo? Kuko nini? Umekula?"

Nikamwambia, "Mama, mimi si Kisembo. Mimi ni Mugisa."

Nilifikiri mtandao umekatika. Nilisikia kuku, nikasikia kitu cha bati kinaanguka. Kisha nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa Mama, hata siku ya Baba. Alilia, yaya. Alilia kilio cha kwanza cha matanga, kile cha habari mpya, kana kwamba umekata roho sasa hivi. Nikasikia majirani wanakuja mbio wakiuliza nani amekufa. Baba Mdogo akainyakua simu. "Mugisa! Umefanya nini? Umefungua kaburi!" Katika hasira yake aliniita jina langu, nadhani hata yeye hakugundua. Alisema kutakuwa na kikao. Alisema nirudishe koti. Nikamwambia koti nitalirudisha kwa furaha, linanibana.

Kisha Mama akamnyang'anya. Alikuwa anahema. Nilitegemea anilaumu. Alisema polepole, "Mugisa. Weye ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Hapo ndipo yalipokuja. Nililia nikiwa nimeshika simu, naye akilia upande wa pili, hatukusemezana tena mpaka vocha yangu ikaisha. Wapishi walitoka jikoni, wakanitazama, wakarudi ndani bila kuuliza. Mmoja aliniletea kikombe cha chai ya maziwa, akakiweka chini karibu na mguu wangu. Sikuwa nimejua kwamba Mama alikuwa amefiwa na watoto wawili. Wewe ulizikwa, mimi nikapotezwa, na sote tulikatazwa kuuliza.

Sijui kikao kitaamua nini. Huenda kanisa likanikatia msaada, na Baba Mdogo akamkalisha mtu mwingine kwenye kigoda. Mwache akae. Ng'ombe nitawakumbuka. Mwisho wa muhula Mama Pasta ataniuliza tena, na sitamdanganya. Nikiwa bado sijasikia kitu nitasema sijasikia, nipande gari nirudi. Nikiwa nimesikia, nitasema nimesikia nini, hata kama ni kitu kidogo tu na hakina ndoto wala mizani ndani yake.

Yaya, nimekukumbuka tangu siku ile na sikuwa na ruhusa ya kusema. Nasema sasa. Nakukumbuka asubuhi, nakukumbuka Kambale akichekesha watu kwa sababu wewe ungemshinda, nakukumbuka nikisoma manabii kwa sababu nina maswali na aliyekuwa akijua kunijibu ni wewe. Hakuna aliyekaa mahali pako. Mahali pako pana shimo, na leo nimeketi pembeni yake, si ndani.

Kaa salama huko uliko. Mwambie Baba kwamba Mama ameanza kulia, na kwamba ni jambo jema. Nami nakuahidi hili: ushuhuda wako sitauacha ufe, na sitauvaa. Popote nitakapousimulia, Irumu au hapa au huko nitakakotumwa, nitauanza kwa maneno ambayo wametukataza kuyasema. Nilikuwa na kaka. Aliitwa Kisembo. Amekufa.

Mdogo wako,
Mugisa